Hadithi Isiyofanana na Faili

"Dada, leo unakunja shuka au unazinyonga?"

Mwenzake wa zamu alishika ncha mbili, yeye mbili, na pembe zilikataa kabisa kukutana. Dobi wa hospitali huyu, mwezi wa nane sasa ugenini, siku zote hukunja shuka mia mbili bila hata kuzitazama. Leo mikono ipo, roho haipo.

"Nimeandika uongo," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye darasa la hadithi. Lile la sisi wageni."

Mwenzake akacheka. "Si hadithi? Ulitaka uandike risiti?"

Angeelewaje, naye kazaliwa hapahapa? Dobi alishayaeleza maisha yake mara tano kwenye ofisi ya wakimbizi, na mara zote lazima yafanane: siku ileile, daraja lilelile, mdogo wake kasombwa na maji palepale. Ukiteleza kidogo tu, wanakutazama kama mwizi wa kuku. Halafu Jumamosi Mwalimu kawaambia, "Hapa hakuna faili. Andikeni mnachotaka." Weee, kalamu ikakimbia. Mdogo wake akavuka mto. Akafika mpaka mlangoni, kalowa chapachapa, akagonga: "Dada, fungua, au unasubiri nikauke?"

Mwalimu akazikusanya karatasi zote, zichapwe kijitabu. Na mahojiano ya mwisho ni Alhamisi. Kijitabu kikiangukia mikononi mwa watu wa ofisi, wakamkuta mdogo wake yu hai, si ndiyo basi tena?

Saa ya chakula hakula. Alitoka na aproni yake vilevile, akakata mitaa miwili, nusu anatembea, nusu anakimbia, mpaka ukumbini. Mwalimu alikuwa anapanga viti. Kinyozi, mwanadarasa mwenzake, alikuwa anamsaidia, yaani amekaa juu ya kimoja.

"Dobi, umekuja kutufua?"

"Niache, kaka. Mwalimu, shikamoo. Naomba karatasi yangu."

"Marahaba. Ile ya mdogo wako? Nimeiweka ya kwanza kabisa."

"Isiingie. Nakuomba. Alhamisi nina mahojiano, na kule nilisema alikufa."

Mwalimu akafungua mkoba wake. Hakubisha hata neno. "Ni yako, mama. Haitoki humu bila wewe. Hata ukitaka kuipasua, ipasue."

Dobi akaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikagusana katikati ya karatasi. Kinyozi akanyoosha shingo, akasoma mstari wa mwisho. Mzaha ukamwisha.

"Ndiye yule wa mtoni uliyenisimulia?"

"Ndiye."

"Na umemwacha nje, amelowa hivyo?"

Dobi akatazama saa ya ukutani. Zimebaki dakika kumi na mbili, na njia ya kurudi kazini inakula tano. Akaenda dirishani, akarudi. Akaukunja mkono wa gauni, akaukunjua. Mwishowe akavuta kiti, akakaa upandeupande kama mtu anayeondoka sasa hivi.

"Kitabuni haingii," akasema.

"Haingii," Mwalimu akaitikia.

"Haya, nipeni kalamu. Upesi."

Akaandika kwamba mlango umefunguliwa. Akaandika kwamba mdogo wake ameinama kizingitini, kavua kiatu kimoja, anahangaika na cha pili. Kamba zimevimba kwa maji, na fundo limekaza.

Zimebaki dakika sita. Akageuza karatasi upande wa pili.