Glavu za Baba Feliksi

Tangu nimfahamu mume wangu Ignas, hajawahi kurudi nyuma. Si sifa hiyo, ni ugonjwa. Kwao wameshika kwamba ukishaaga na kuvuka kizingiti, huruhusiwi kurudi ndani kuchukua ulichosahau. Ukirudi, umebeba mkosi wa safari nzima. Siku ya harusi yetu alisahau viatu vipya, akaja kanisani na kandambili. Nikamchukua hivyohivyo.

Sasa mzee huyu, kuli mstaafu wa bandari, akakubaliana na mwenzake Telesphory kupanda Kilimanjaro mwanzoni mwa Juni. Mazoezi aliyafanyia hapa hapa Katonga, kijijini kwetu kando ya ziwa, anapanda kilima na gunia la dagaa mgongoni huku wauza dagaa wenzangu wakimpigia vigelegele. Nami nilicheka nao, mpaka jioni ile Bariki, atakayewaongoza mlimani, alipopiga simu kutoka Moshi na Ignas akaweka sauti ya juu nisikie.

"Shikamooni wazee wangu. Masika yameisha juzi tu, theluji huku juu bado nyingi. Mchana jua linaiyeyusha, usiku inaganda, asubuhi njia inateleza kama kioo. Tutafunga vyuma vyenye meno chini ya viatu. Glavu na miwani myeusi msiache, mng'ao wa theluji unaunguza macho. Na nikisema turudi, tunarudi. Wanaoumia kipindi hiki ni wale wa 'bado kidogo tu'."

"Ego, ego," Ignas akaitikia, yaani ndiyo, ndiyo, huku akitafuta rimoti ya televisheni.

Mng'ao naujua, maana naanika dagaa mchangani jua la saa sita. Theluji siijui. Lakini hiyo "bado kidogo tu" naijua sana. Ndiyo dini ya mume wangu. Niliogopa, sioni haya kusema. Niliona kabisa atakavyong'ang'ania huko juu mpaka aletwe amebebwa.

Siku ya safari akaaga majirani wote, akapanda bajaji. Nilipoingia ndani nikakuta glavu zake juu ya kiti. Kabla sijazigusa, sauti yake ikanifuata.

"Mama Feliksi! Niletee glavu!"

Mkono ulishanyooka. Nikaurudisha, nikakaa kando ya kiti kile.

"Njoo uzichukue!"

"Unajua siwezi. Nimeshaaga."

"Basi nenda bila. Vidole ni vyako."

"Unataka niende na mkosi?"

"Nataka uje na miguu yako! Kama hurudi kwangu hapa mlangoni, huko juu utarudi kwa neno la Bariki?"

Dereva wa bajaji akaanza kucheka. Jirani yangu Mwamvua naye hakujizuia: "Baba Feliksi, rudi bwana, bajaji inakunywa mafuta!"

Mwishowe nikasikia mabuti yake. Akaingia amenuna, ungedhani amenyimwa chai. Nikamshika mkono.

"Umesahau nini?"

"Glavu."

"Umeona? Umerudi na hujafa."

Akazichukua, na alipotoka alikuwa anatabasamu kwa chinichini.

Siku zilizofuata niliuza dagaa huku simu nimeifunga kwenye pindo la khanga. Ilipolia hatimaye, nilikuwa nageuza dagaa mchangani.

"Mama Feliksi, nimerudi. Tuko getini, chini ya mlima."

"Kileleni ulifika?"

"Sikufika. Theluji mpya ilianguka usiku, njia ikafunikwa. Bariki akasema turudi. Kilele nilikuwa nakiona, mke wangu. Nakiona kabisa! Telesphory akasema bado kidogo tu. Na mimi mdomo ulishafunguka nimuunge mkono."

"Ukasemaje?"

"Nikaziona hizi glavu mikononi. Nikageuka, wa kwanza."

Nikakaa chini, juu ya dagaa wangu mwenyewe. Machozi yakanitoka mbele za watu. Mwamvua akaja mbio kuuliza kama kuna msiba. Nikatikisa kichwa, nacheka na kulia kwa pamoja. Nampenda mzee yule, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya kandambili.

"Haya," nikamwambia nilipopata sauti. "Aliyerudi huulizwa. Umesahau nini?"

"Wale samaki wako, migebuka ya kukaanga. Leo leo uibandike jikoni."

"Wewe uko Kilimanjaro, mimi niko Katonga. Utaikuta imepoa."

"Iweke tu," akasema. "Baridi nimeshaizoea."