Mlango wa Susana

Baada ya ibada Elirehema alimfunga mbwa kwenye nguzo ya kengele, akaingia kwa mchungaji kurudisha kitabu cha ubatizo. Hapo ndipo alipokosea. Chini ya nguzo ile huwekwa sadaka za shambani, na Mikaeli, mpiga mnada wa usharika, alikuta mikungu miwili ya ndizi, kitunga cha mayai, na mbwa. Akaanza na ndizi.

Mbwa huyo Elirehema alimtafutia makao wiki tatu nzima. Aliletwa mlimani na malori yaliyowahamisha watu wa uwandani, ardhi yao ilipopewa walowezi na nyumba zao zikachomwa moto. Mwenye mbwa alifia njiani. Tangu hapo, mbwa akisikia buti au injini alitetemeka na kubweka, na kila alipobweka kilimtoka kinywani chombo kimoja cha nyumba zilizoungua, kingali moto: kifuniko cha sufuria, bawaba, taa ya chemli. Waliohamishwa walipita kwa Elirehema kuuliza kama vyungu vyao vimekwisha kubwekwa. Vyombo walivitaka, mbwa hapana, maana aliuma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitoa mwenyewe, mpini umeungua.

Sasa mbwa alikuwa amemuuma tarishi wa boma. Amri ikaja: asipoandikishwa kwa jina la mtu wa kumfuga kabla ya Jumatatu adhuhuri, apigwe risasi.

Elirehema alipotoka nje, mnada ulikuwa umemfikia mbwa.

"Mikaeli, huyo si sadaka!"

"Mzee, kilichokaa chini ya kengele ni cha Bwana. Hakirudi nyumbani."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemtaka. Ndipo Susana, mjane aliyeletwa na malori yaleyale, akataja bei. Hakuna aliyepandisha. Elirehema alifurahi mno, hata akajitolea kumsindikiza bomani.

Jumatatu, adhuhuri ikikaribia, karani aliwapokea kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuandikisha mbwa."

"Makazi ya mama?"

Susana akataja kijiji chake cha uwandani.

"Pale hapana watu, mama. Unalala wapi?"

"Kwenye kibanda cha huyu mzee, migombani."

Karani akaandika, akageuza kitabu na kusogeza wino. Waliohamishwa walikuwa wameapa kutotia dole gumba kwenye karatasi yoyote ya boma hadi warudishiwe ardhi. Susana alikuwa wa kwanza kuapa.

"Nisomee, mzee."

Elirehema alisoma. "Susana, mjane, amehamia mlimani kwa hiari yake. Ana mbwa mmoja."

"Kwa hiari yangu," Susana alisema.

Buti za askari zikasikika barazani. Mbwa alibweka mara moja, na mlango mzima wa mbao ukaanguka katikati ya ofisi, ukifuka moshi. Ulikuwa wa nyumba ya Susana. Komeo alilichonga marehemu mumewe. Karani aliuzunguka, akasema haukuandikwa popote, hivyo wanaweza kuondoka nao. Askari alikuwa na bunduki, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika chache kufika adhuhuri. Susana alimtazama mbwa aliyejibana miguuni pake, mkojo ukimtiririka kwa hofu.

Akatia dole.

Elirehema aliubeba mlango alasiri nzima kupanda mlima, na aibu ilimlemea kuliko mbao. Alikuwa ametafuta makao ya mbwa, na ameyapata.

Kibandani waligundua kwamba mlango ni mpana kuliko ukuta. Wakausimamisha uani peke yake. Mbwa akajilaza kizingitini, akapata usingizi wake wa kwanza tangu malori.

"Nitafute fundi aupunguze?" Elirehema aliuliza.

"Uache, mzee," Susana alisema. "Wenzangu wakija kuniuliza kwa nini nilitia dole, nitawafungulia."

Alikaa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akingoja. Hakuna aliyekuja.