Maneno Mawili ya Waziri

Kazi yangu ilikuwa kusafisha hotuba za wabunge kabla hazijachapwa katika taarifa rasmi. Niliondoa vigugumizi na kunyoosha sentensi zilizoangukia njiani, lakini maana yake sikuigusa. Kanuni hiyo niliilinda miaka ishirini na mitatu.

Jumanne jioni Tredinnick, Waziri wa Uchukuzi, aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Tulisoma pamoja shule ya bweni, ambako sote tuliitana kwa majina ya ukoo, na mazoea hayo hayakututoka.

"Pettifer, kiranja wangu! Bado unakunywa chai chungu?"

"Sema shida yako."

Akaweka mezani nakala ya hotuba yake ya mchana. Alikuwa amelitangazia Bunge: "Sijapata kuunga mkono kufungwa kwa reli ya Lanmorran." Wenzake wakamshangilia kwa msimamo usioyumba. Kumbe miaka minne nyuma, katika ukumbi uleule, alitaka reli hiyo ifungwe. Kitabu cha taarifa rasmi cha mwaka ule, chenye hotuba hiyo, kilikuwa rafuni, nyuma yangu.

"Ongeza 'bila masharti' tu. Sijapata kuunga mkono *bila masharti*. Maneno mawili, bwana. Nani ataumia?"

"Hukuyasema."

"Niliyakusudia!"

"Mimi naandika kilichotoka mdomoni. Ya moyoni baki nayo."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Mkataba wako unajadiliwa Ijumaa, na mwenyekiti wa kamati ni mtu wangu. Usijifanye mtakatifu. Hata shuleni ulikuwa unachosha."

"Na wewe ulikuwa unanakili hesabu zangu."

Nikamsogezea fomu ya masahihisho. Mbunge huijaza kwa mkono wake, akatia saini, nayo huhifadhiwa mahali ambapo raia yeyote aweza kuisoma.

"Yaandike hapa, hayo mawili."

"Una wazimu? Watasema nimegeuka!"

"Basi usiandike."

Akaondoka, mlango akauacha wazi. Nikaupeleka ukurasa kuchapwa kama ulivyokuwa.

Ijumaa kamati ilikataa kuurefusha mkataba wangu. Nilipokuwa nikifungasha vitu, Tredinnick alipita ukumbini na waandishi wa habari, akiwaambia kwamba yeye ni yuleyule wa siku zote. Nikatoka mlangoni, nimekibeba kile kitabu cha rafuni.

"Mabwana," nikasema kwa sauti yangu ya ukiranja, ili na yeye asikie, "hiki ni mali ya umma. Fungueni ukurasa wa mia nne na kumi na mbili."