Vifuko vya Nusu Kilo

Mkutubi wa maktaba ya shule alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa miezi saba alikuwa amekwama kwenye kilo arobaini. Kuzinyanyua alizinyanyua: chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa, mikono imenyooka, mara tano mfululizo. Lakini uzito ukiongezwa tu, chuma kilifika usawa wa paji la uso kikagoma, kisha kikarudi mabegani taratibu, kama mtu aliyekumbuka amesahau ufunguo nyumbani.

Alikuwa ameanza mazoezi miaka miwili nyuma, baada ya daktari kumwambia mifupa yake inahitaji kazi. Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea: chumba kirefu chenye kioo kimoja na feni mbili, moja ya mapambo tu. Kocha, fundi malori mstaafu, alimwona akipandisha mizigo polepole bila kelele, akamwita Winchi. Jina likamganda.

Kocha alijaribu kila alilolijua. Alimwambia ale zaidi, akala. Alimwambia apumzike wiki nzima, akapumzika, akarudi akashindwa vilevile, safari hii bila hata uchovu wa kusingizia. Nyumbani mumewe alijifunza kutouliza habari za mazoezi. Aliyajua majibu kutokana na jinsi mkewe alivyoweka mkoba mezani.

Aliyekuja kulifumbua jambo hili hakuwa mtu wa vyuma hata kidogo. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi na jicho zito. Mkutubi alikwenda kwake kujaribu gauni la mahafali ya bintiye. Gauni likiwa bado na pini, wifi akamwambia anyanyue mikono juu kabisa, aone kama litambana kwapani. Akanyanyua. Wifi akazunguka ubavuni, akainamisha kichwa, akamwambia arudie.

"Wifi, mikono yako haiendi juu," alisema. "Inaenda mbele, halafu mbavu zinatoka kuifuata. Tazama kitambaa kinavyovutika hapa."

Mkutubi alimjibu kwamba hiyo mikono ameishi nayo maisha yake yote na anajua inakokwenda. Wifi akasema basi sawa, ila kitambaa hakina sababu ya kumsingizia mtu.

Maneno yale yalimkaa moyoni. Ijumaa alimpitia wifi kazini, wakaenda ukumbini pamoja. Wifi alikataa kiti. Alifunga uzi kwenye msumari ukutani, akautundikia mkasi, uzi ukanyooka wima, kisha akachora mstari wa chaki kuufuata. Akamsimamisha Mkutubi mbele ya mstari, ubavu ukielekea ukutani, na kumwambia anyanyue.

Siku zote Kocha alisimama nyuma ya Mkutubi, tayari kudaka chuma, kwa hiyo hakuwahi kumtazama kutoka ubavuni. Sasa alisogea akasimama kando ya fundi cherehani, na wote wawili wakaona. Chuma kilikizunguka kidevu kama mtu anayekwepa dimbwi, kikatoka mbele, mbali na mstari, na mgongo ukapinda kukisaidia.

Kocha alimgeukia wifi. "Miezi saba nimekilaumu chakula," alisema.

Wakashuka hadi kilo thelathini. Kwa wiki tano Mkutubi alijifunza kuvuta kidevu nyuma ili chuma kipite karibu na pua, na kikishavuka paji la uso, arudishe kichwa mbele chini yake, kama anayechungulia dirishani. Alijifunza kukaza mapaja na makalio ili mbavu zitulie. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na siku moja chuma kilimkwangua. Kesho yake wanafunzi walimkuta maktabani na plasta puani. Aliwaeleza ukweli, hakuna aliyeamini.

Kilo arobaini zilipoanza kupanda kama mchezo, likabaki tatizo la pili. Sahani ndogo kabisa pale ukumbini zilikuwa za kilo mbili na nusu, na kwa kuwa pande zote mbili lazima zilingane, hatua fupi kabisa ilikuwa kilo tano. Mkutubi alijaribu hatua hiyo mara mbili, ikamshinda. Kocha alisema angetafuta chuma chepesi zaidi akikipata.

"Kwani lazima kiwe chuma?" wifi aliuliza.

Wiki iliyofuata alileta vifuko vinane vya mchanga, kila kimoja nusu kilo, alivyovipima kwenye mizani ya jikoni na kuvishonea tanzi la kutundikia. Vilikuwa vya mabaki ya mapazia, maua makubwa ya manjano. Kocha alitundika kimoja kila upande, akavibana visiteleze. Mkutubi alivitazama kwenye kioo vikining'inia kama hereni, akacheka, na kilo arobaini na moja zikamshinda kwa kicheko. Alijaribu tena bila kutazama kioo. Zikapanda.

Kila wiki waliongeza kifuko kimoja kila upande. Arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne, hii ya mwisho kwa kusaga meno. Jumamosi iliyofuata wakaondoa maua yote, wakaweka zile sahani za kilo mbili na nusu. Chuma kilipita pua, kikafika paji la uso, kikasita palepale pa zamani. Mkutubi akasukuma kichwa chini yake. Kikasogea kidogo, kisha kikaenda chote, mikono ikanyooka.

Kocha alikuwa ubavuni akitazama mstari wa chaki, na kwa furaha alisahau kutoa ishara.

"Kocha," Mkutubi alisema kwa sauti ya kukabwa, "naomba ruhusa ya kushusha."

Akashusha. Hata chupa ya maji akashindwa kuifungua, ikabidi wifi amfungulie. Mumewe alipopigiwa simu alimwambia arudie kusema kilo ngapi, na aliporudia akamwomba arudie tena, kwa kuwa alipenda tu kuisikia sauti yake.

Kabla hawajaondoka, mchomeleaji wa karakana, jitu la mabega mapana lililokwama kwenye kilo sabini mwaka mzima, alimvuta wifi pembeni. Alitaka vifuko vyake, ila aliomba kwa adabu visiwe vya maua. Wifi alimwambia kilichobaki ni kitambaa cha pinki chenye vipepeo. Mchomeleaji akafikiri kidogo, akauliza vitakuwa tayari lini.