Mashua Wanaitaka ya Nini

...na mashua wanaitaka ya nini, hilo ndilo hawajalisema, maana kuomba wameomba, tena kwa adabu zote, Kohinur hata ndara kavua, ndara za kuvua leo tangu lini, huyu anayeingia jikoni kwangu na matope yake mpaka mkekani, na Jomila nyuma yake kajibana kama bibi harusi, “Dada Monowara, tupe mashua yako leo, jua halijatua tumeirudisha,” basi, hakuna zaidi, nami nimechutama hapa kwenye maji na sufuria ya wali, naisugua kwa majivu, nasugua palepale tu maana akili haiko kwenye sufuria, iko kwenye sari ya Jomila, ile ya kijani, ya Idi, nani anavaa sari ya Idi Jumatatu asubuhi kwenda kukatia ng'ombe majani... na nywele kazipaka mafuta ya nazi, nayasikia mpaka hapa, na furushi analificha mgongoni, anadhani mie kipofu, mie udaku ninao, sikatai, Torab mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema malaika wakija kunihoji kaburini mie ndiye nitakayewahoji wao, mmetoka wapi saa hizi, mna watoto wangapi, mbona mmekonda... wala si kwamba siwapendi hawa wawili, ndio mashoga zangu, Torab alipokufa Kohinur alilala nami sakafuni siku arubaini, usiku nikilia ananisimulia umbea mpaka nacheka, lakini mashua ni mashua, Torab aliiunda kwa mikono yake mwaka mmoja kabla hajafa, kalafati ya kuziba nyufa mwaka huu nimeitia mwenyewe, lami mpaka kwenye nyusi, na maji yakishajaa bondeni namna hii, kijiji kimebaki kijilima tu, nyumba thelathini na mbuzi wao, asiye na mashua ni mfungwa, anakwenda mpaka ukingoni anageuka, ng'ombe wangu anakula kwa mashua hiyo, dawa ya kifua naifuata kwa mashua hiyo, mtoto wa jirani akinisukumia, ikivunjika leo mie natoka na nini?

“Kwani mnakwenda wapi?” nauliza, kichwa sijakiinua, ili ionekane sijali, “Hapo tu, dada,” anasema Kohinur, tambuu shavuni, “Hapo wapi, maji matupu pande zote, hapo ni wapi?” “Kunyoosha miguu,” “Mashuani unanyoosha miguu gani wewe, na umbo hilo, si utaitoboa!” na Jomila anacheka, anaziba mdomo, na Kohinur hakasiriki, loh, hakasiriki, siku nyingine ukimgusia umbo lake unakwenda nyumbani na tusi la ukoo mzima, leo kalimeza pamoja na tambuu, kwa hiyo jambo ni kubwa, wanaihitaji kwelikweli... sokoni si sokoni, soko la wanaume lile, na muuza viungo kapita jana na mashua yake, Jomila kanunua manjano mbele ya macho yangu, kwenye kaburi la shehe kuweka nadhiri wangebeba kuku, kuku simsikii, kwa daktari basi, lakini mgonjwa gani anajipamba, au... isije ikawa ni mume, mume wa Jomila yuko kwenye machimbo ya mawe kaskazini tangu maji yaingie, yeye na mume wa Kohinur na wanaume wote wa huku, na mawe hayazuii mwanamume kuoa mke wa pili, lakini anayekwenda kufumania hubeba ufagio, habebi furushi linalonukia... linanukia nini lile, upepo ugeuke kidogo, ahaa, unga wa mchele, nazi, sukari guru, mikate ya mchele ile, ya alfajiri, bado ina moto, kumbe ndiyo maana nilisikia mchi kwa Jomila kabla ya adhana nikasema huyu leo kawehuka, na mikate ile hapelekewi shehe, hapelekewi daktari, mikate ile mwanamke anampelekea mama yake.

Kwao! Wanakwenda kwao, Nolkhali, wote wawili wamezaliwa Nolkhali, lakini wanakwendaje, mbona ukingoni hakuna mashua ngeni, nani amekuja, hakuna kaka aliyekuja, angekuja ningekuwa wa kwanza kumwona, mie ndiye ninayekaa hapa ukingoni, tena msimu wa maji kazi yangu kubwa ndiyo hiyo, kutazama kaka wa nani anakuja, wanakuja mmojammoja, samaki mkononi kwa ajili ya wakwe, wanakaribishwa chai, wanaomba ruhusa, halafu dada anatoka kajipamba, anaketi katikati ya mashua na mwavuli, hata kama hakuna jua wala mvua anaufungua, kaka anasukuma, nasi tuliobaki tumesimama hapa tunamsindikiza kwa macho, wiki mbili atalala kwa mama yake mpaka saa nne, na huo ndio uzuri wake, si kulala, ni kuchukuliwa, kijiji kizima kinaona huyu ana watu, na asiyechukuliwa haendi, akienda mwenyewe watu watasema kafukuzwa na mumewe, mama yake atashika kichwa, “Umefanya nini huko mpaka umekuja peke yako?” hivyo ndivyo ilivyo, sijui nani alisema lakini hivyo ndivyo ilivyo... “Kohinur,” nasema, sasa kichwa nimekiinua, “nani amekuja kuwachukua?” naye anatema tambuu majini, anajifuta, “Kaka zangu wako Kuwait, dada, waje na nini, na ndege watue juu ya paa lako?” “Na wa Jomila?” Jomila anasema polepole, “Kaka yangu yuko Dhaka kiwandani, mwaka wa tatu hajapewa likizo,” kisha wanatazamana, na Kohinur ndiye anayesema, kama mtu anayesema leo tunapika dengu, “Hakuna aliyekuja. Tunajichukua.”

Tunajichukua! Jamani, neno hilo, mbona limenipiga hapa kifuani, nilitaka kucheka nikakuta mdomo umefunguka na kicheko hakimo, kujichukua kunachukuliwaje, nani atakaa katikati na mwavuli, watapokezana? nataka kujua, watafikaje pale bandarini kwao, watasema nini, hodi, tumejileta... na pondo ya kusukumia mashua nani anashika, Kohinur? huyu anayeanguka kwenye uwanja mkavu? na njiani kuna miti ya wavuvi imechomekwa chini ya maji, huioni mpaka ikuingie kwenye mbao, na hapo ndipo moyo wangu unapokataa, si uroho, Mungu shahidi yangu, mashua ya kuazimwa naijua mie, naijua kuliko wao, “jua halijatua tumeirudisha,” maneno hayahaya Torab alimletea Motaleb kaka yangu miaka tisa iliyopita, Motaleb alikuja kunichukua, akakaa siku mbili kwanza maana mtoto wangu alikuwa na homa, Torab na rafiki zake wakamfuata pale kibarazani, “Shemeji, tupe mashua tukatazame mashindano ya makasia, mara moja tu,” na Motaleb hakuuliza hata swali moja, si kama mie, akasema chukueni, wakapanda wanane mashua ya watu wanne, wakirudi wanaimba, wakapanda juu ya miti ile, ikapasuka toka mbele mpaka katikati, wakaletwa na mashua ya watu, Torab kalowa, kashika ubao mmoja... na tangu siku ile kaka yangu hajaja tena, miaka tisa, mie nafungua sanduku msimu wa maji ukiingia, napeperusha sari, nazikunja tena, kwa hiyo msiniambie mashua ni kitu cha kupeana, mashua iliyovunjika ilininunishia kaka, na hawa wakiivunja hii ninaye nani tena wa kunisimulia umbea, Kohinur ataona haya kuja, ataanza kupita upande wa pili wa nyumba, nitawapoteza wote wawili kwa ubao mmoja, bora wanune leo kidogo, kesho watasahau... niseme inavuja, niseme ng'ombe hajala, waongo tuko wengi.

Lakini ngoja, alisemaje Motaleb siku ile, nataka kukumbuka, nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto begani, Torab kanyoosha mkono na ubao, na Motaleb akautazama, akasema, “Mko hai wote?” Torab akasema, “Tuko hai,” akasema, “Alhamdulillahi,” kisha... kisha akala, ndiyo, alikula, nilimpakulia mwenyewe, akaomba pilipili nyingine, sasa mtu aliyekasirika anaomba pilipili nyingine? akirudishwa kwao asubuhi na mashua ya jirani alinipungia mkono mpaka akapotea, aliyekasirika anapunga? basi nani aliniambia kakasirika, ebo, nani, hebu nitafute, si yeye, si mama, mama alikwisha kufa, Torab ndiye aliyesema, hapana, Torab alisema, “Usimtaje, Monowara,” hivyo tu, kila nikimtaja anainuka anakwenda kutazama ng'ombe, alimwahidi atamuundia nyingine, mwaka wa kwanza mbao zikaingia kwenye paa, mwaka wa pili mvua ya mawe ikala mpunga, na mbao zilipopatikana akaunda yetu kwanza, ya shemeji ikabaki ya mwakani, na mwakani akafa, Torab ndiye aliyekuwa na haya, maskini, haya zake mie nikaziita hasira za kaka, na sikuuliza, mie! mie ninayejua nyumba gani wamekula yai, mie ninayemuuliza muuza vyungu mke wake anajifungua lini, hilo moja sikumuuliza mtu, nilijua mwenyewe, nimenuniwa, nikakaa nalo miaka tisa nalilea.

Na muuza vyungu ndiye anayeleta mafenesi, kila mwaka mawili, “Kaka yako Motaleb anakusalimu,” nami nayapokea kwa mkono wa kushoto rohoni, naona uchungu, nasema tazama, zawadi analeta kwa chombo cha watu, uso wake hataki niuone, na mwaka huu, mwezi uliopita tu, muuza vyungu kasimama pale na ile mashua yake ya vyungu, anacheka mpaka anakohoa, “Kaka yako yule mwendawazimu, mama, kanifuata ndani ya maji mpaka kifuani, mafenesi mawili kichwani, ananipigia kelele nisimame, nikadhani kifo kinamchukua!” nami nikacheka, nikasema Motaleb tangu utotoni hana akili, tukacheka wote, nikaingia ndani na mafenesi yangu... mpaka kifuani, ya Rabi, mwenye mashua anaingia majini mpaka kifuani ya nini? mwenye mashua si anapanda tu, anasukuma pondo mara tatu kaifikia, mtu anayetembea ndani ya maji na mafenesi mawili kichwani ni mtu ambaye ukingoni kwake hakuna kitu, hakuna, miaka tisa hakuna, anakwenda mpaka ukingoni anageuka, tulimvunjia, naye hajapata nyingine, kaka yangu hakununa, kaka yangu hana mashua... na mie ninayo, miaka mitatu ninayo, naifunga kila jioni mafundo mawili isichukuliwe na maji, halafu naketi hapa natazama upande anaotokea, namngoja mtu asiye na mashua aje na mashua anichukue.

“Dada, sema basi,” anasema Kohinur, “unatupa hutupi, mikate inapoa,” “Mikate gani?” anasema Jomila, anakumbuka alikuwa anaificha, nao wanaanza kusukumana wanacheka, na mie bado nimechutama palepale, sufuria mkononi, kumbe siangalii tena sari wala furushi, naangalia mikono ya Kohinur, minene, imara, nataka kumuuliza, pondo umejifunza wapi, mwanamke wa miaka arubaini na nane kama mie atajifunza kwa siku ngapi, na Kandigaon kwa Motaleb, ukiipita Nolkhali, ukiukata ule mto, ni mwendo wa saa ngapi.