Karatasi ya Usalama

Mvua ya Julai ilikuwa imelilowesha boksi lote. Spéciose alilibonyeza kwa kidole, kidole kikapita hadi nje. Lilikuwa boksi la nepi za wazee. Alilitoa kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee anakofua mashuka, akalibandika kwenye dirisha la mbele siku ile tofali lilipoingia sebuleni. Sasa ni wiki ya nne. Ofisi ya nyumba za serikali ilisema dirisha limevunjwa na mtu anayejulikana na wapangaji, basi wapangaji walitengeneze wenyewe. Polisi walisema hakuna aliyeuona uso wa mrushaji.

"Ikirezi! Tutachelewa."

Binti yake alitoka chumbani, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Ana miaka kumi na sita. Mkono ule ulivunjwa na Calvin kwenye ngazi za stesheni ya Minto, kwa sababu Ikirezi alimwambia hamtaki tena. Calvin ana miaka ishirini na moja na gari jeupe. Mahakama ilimpa karatasi ya kumkataza asimkaribie Ikirezi. Siku tatu baadaye tofali likaja.

"Nimekwambia siendi," alisema Ikirezi kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisema hataki.

"Utakwenda. Leo wanakaa wote pamoja. Polisi, shule, hospitali, wote. Leo tutaomba watuhamishe."

Mkutano ulikuwa Campbelltown, katika chumba chenye zulia la kijivu. Watu saba walikuwa wamekaa kuizunguka meza, kila mmoja na kompyuta yake. Nje ya mlango, Chebet alimshika Spéciose bega. Chebet ni Mkenya, anafanya kazi na vijana, na ndiye aliyeandika maombi yao.

"Mama Ikirezi, leo mwaga mtama wote. Mkipata alama kumi na nne za hatari, mnahamishwa Granville, mbali naye. Sawa?"

"Wewe ndiye utanisemea?"

"Siruhusiwi, Mama. Mimi niko kwenye meza, na aliye kwenye meza hatafsiri. Kuna mkalimani wa simu."

Walianza, kama desturi ya mikutano ya huko, kwa kuwashukuru wenyeji wa asili wa ardhi ile. Halafu kila mmoja akataja jina lake na ofisi yake, na furaha yake ya kufanya kazi na wenzake. Mwalimu alimsifu polisi. Polisi akaisifu hospitali. Simu ilikuwa katikati ya meza, na ndani yake sauti ya mwanamke wa Kitanzania ilitafsiri sifa zote hizo, moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mama," sauti ilikuwa imesema mwanzoni. "Mimi ni mkalimani wako kwa dakika arobaini na tano. Sitaongeza neno wala kupunguza."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti alikuwa mama wa ofisi ya watoto, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisoma maswali kutoka kwenye skrini. Je, kijana ameshawahi kumkaba? Ndiyo. Je, amewahi kutishia kumuua? Ikirezi aliangalia plasta yake. Ndiyo. Alama zilikuwa zinapanda na Chebet alizihesabu kwa vidole chini ya meza, Spéciose akimwona.

"Swali la mwisho ni la mzazi," alisema mwenyekiti. "Je, mama ana uwezo wa kumlinda binti yake pale nyumbani?"

Spéciose alisubiri simu imalize. Aliona vidole vimenyanyuliwa juu ya kompyuta saba.

"Nikisema siwezi," aliuliza, "mtatuhamisha?"

Simu ilitafsiri. Watu waliangaliana.

"Ukisema huwezi," alijibu mwenyekiti, "sheria inatutaka tumtafutie Ikirezi mahali pengine pa kuishi. Kwa watu wengine. Kwa muda."

"Yeye peke yake?"

"Yeye, ndiyo."

"Muda gani?"

"Hilo hatuwezi kulisema leo."

"Na nikisema naweza?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Basi tutafurahi sana. Hatari itakuwa imepungua."

Ikirezi alimgeukia mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama usoni, na midomo yake ilitetemeka kidogo, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo kwenye kambi ya wakimbizi akiona sindano. Chebet alinyanyua mkono.

"Samahani, familia hii inalala na kabati mlangoni. Mimi nimeliona..."

"Chebet, asante. Hapa tunahitaji maneno ya mzazi mwenyewe."

"Naweza," alisema Spéciose. "Naweza kumlinda mtoto wangu."

Mwenyekiti aliandika. Kwenye skrini ya ukutani namba ikabadilika, ikawa kumi na mbili. Bwana wa ofisi ya nyumba alifunga kompyuta yake taratibu, asipige kelele. "Haifiki," alisema, akafungua chupa yake ya maji.

"Lakini hatuwaachi hivi hivi," alisema mwenyekiti. "Sasa tupange usalama pamoja. Ikirezi, asubuhi utapita wapi usikutane naye?"

Hapo kila mmoja alikuwa na wazo. Polisi alisema asiende tena stesheni ya Minto. Mwalimu alisema kuna basi linalosimama nyuma ya uwanja wa mpira, saa moja na dakika kumi, na pale huwa hapana watu. Nesi akasema atoke kwa mlango wa nyuma. Simu ilitafsiri basi, ikatafsiri saa, kisha ikakohoa.

"Samahani, mama. Dakika zangu zimekwisha, nina mtu mwingine anasubiri. Mungu awalinde."

"Asante, mwanangu."

Yaliyobaki yalisemwa kwa Kiingereza. Spéciose alitazama midomo. Mwenyekiti aliuliza, Ikirezi akajibu kwa neno moja moja, vidole vikachapa. Dakika kumi baadaye karatasi yenye mpango wote ilitoka kwenye mashine, wakaiingiza kwenye mashine nyingine inayovika plastiki, ikatoka na joto lake, ngumu, inang'aa. Juu yake nembo saba zimepangwa mstari mmoja. Ya polisi ilikuwa ya buluu, yenye taji. Watu walisimama na kumpa mkono mmoja mmoja.

"Alhamisi nitakupigia nikusomee yote," alisema Chebet kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu, na simu yake ilikuwa inaita. "Leo nina wengine wawili. Kaibandike mahali unapoiona."

Kwenye treni, Ikirezi aliziba masikio na muziki. Spéciose alimgusa goti.

"Wameandika nini?"

"Namba za simu, Mum." Alifumba macho. "Za kupiga saa za kazi."

Walipofika nyumbani, Macquarie Fields, boksi lilikuwa limeanguka ndani. Upepo wa jioni ulikuwa unapuliza mpaka jikoni. Ikirezi alimeza dawa ya maumivu, akaenda kulala na viatu.

Spéciose aliishika karatasi akaipima dirishani. Iliziba sehemu kubwa ya tundu. Kambini, Tanzania, karatasi yenye muhuri haikuwekwa sandukuni. Iliviringishwa kwenye nailoni na kubandikwa mlangoni, uso nje, na askari wa doria akiuona muhuri alishusha kirungu akaenda nyumba ya jirani. Mumewe, Lazare, aliyezikwa huko, alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi. Mlango wao haukupigwa teke hata siku moja.

Akaibandika, uso nje. Pande zote nne, seloteipu mara mbili. Kisha akatoka barazani kuiangalia. Maji ya mvua yalikuwa yanateleza juu yake bila kuingia. Nembo saba zilitazama barabara, na chini yake maandishi meusi, makubwa, yaliyonyooka, hata mtu wa mbali aone kwamba nyumba hii ina wenyewe.

Alikuwa anachambua maharage aliposikia gari. Lile jeupe. Lilipita, likarudi, likasimama. Alizima taa ya jikoni akabaki na bakuli mkononi.

Calvin alishuka, kofia ya sweta kichwani. Alikuja mpaka kwenye uzio, akauvuka, akaja mpaka dirishani. Spéciose alihesabu hatua tatu kati ya kabati na mlango. Kijana akainama. Alisoma. Kichwa chake kilishuka polepole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akatoa simu yake, akaielekeza kwenye karatasi, ikamulika mara moja. Halafu akageuka akaondoka, hakupiga teke geti, hakutukana, hata gari aliliondoa taratibu.

Spéciose aliweka bakuli mezani, akakaa kwenye kiti.

"Ikirezi," aliita kwa sauti ya chini, karibu na kucheka. "Ameiona. Ameogopa, ameondoka."

Ikirezi alikuwa amelala. Spéciose akamvua viatu, akamfunika. Kisha akachukua simu ya binti yake akatega kengele ya saa kumi na mbili kamili, asije akachelewa basi la saa moja na dakika kumi.