Kitanda Kilichopenda Sifa

Tok. Gizani, kwenye nyumba ya chumba kimoja huko Makongeni, kitu kililia kama kuku anayedonoa debe. Nafula alijua ni kitanda, kinaota nundu nyingine. Akamvuta mwanawe Khalayi karibu, kwenye godoro lao la sakafuni, akamfunika masikio.

Kitanda kilikuwa cha Khalayi. Tangu baridi ya Julai mtoto alikuwa akikohoa kwa sababu ya kulala kwenye sakafu ya saruji, na Nafula akaenda mwenyewe kwa Mulama, seremala wa kando ya Jogoo Road, akamchorea kwa mkaa: miguu minne, fremu, vibao vya kulalia. Basi.

"Mama Khalayi," Mulama akasema, "hiki ni kitanda ama ni benchi ya zahanati?"

"Ni cha mtoto kulala."

"Aka! Mtu wa Reli alaze mtoto kwa hii kitu?"

Luseno, mumewe, karani wa stoo ya Reli, alikuwa upande wa Mulama. Mwaka huo wa tisini na sita watu walikuwa wakipunguzwa kazini, naye aliamini kwamba mwenye kitanda cha maana hapunguzwi. Akaagiza mvule, nguzo za kusokotwa, simba wawili kichwani na maua ya kuchonga miguuni. Kilipofika, aling'oa pazia lililogawa chumba ili wageni wakione tangu mlangoni. Kikafunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Khalayi akaambiwa asikiguse kabla ya watu wa ushirika wa kanisa kukiona.

Watu wa ushirika wakaja, wakaimba, wakanywa chai. "Luseno, sasa umefika!" Mzee Shitanda, kiongozi wao, akasema. Kulipokucha simba walikuwa watatu.

Mulama akaitwa. Akazunguka kitanda akikuna kidevu.

"Mvule husikia," akasema. "Ukiisifu, inachipua. Kuna mama wa mtaa wa Huruma, stuli yake ilisifiwa mpaka ikaota ngazi."

"Na kama ningetengenezewa kile changu nilichokuchorea kwa mkaa?" Nafula akauliza.

"Hiyo isingeota kitu. Nani angeisifu?"

Nafula alilitafuna neno hilo siku nzima. Asubuhi iliyofuata, Luseno alipokwenda kazini, akavuta kigoda, akammiminia Khalayi uji, akaanza kukisema kitanda.

"Ati simba. Simba gani ana meno ya sungura?"

Simba wa tatu akarudisha kichwa ndani ya mbao polepole, kama kobe.

"Miguu kama ya kuku mwenye kideri!" Khalayi akaongeza, akicheka, na ua moja likanywea.

Ikawa ndiyo kazi yao baada ya uji. Walikitukana kwa Kiswahili, na kwa Kibukusu pale Kiswahili kilipoishiwa. Nguzo zikanyooka. Upande wa ukutani ukasawazika, nafasi ya kumtosha mtoto. Alasiri moja Khalayi akalala pale bila kukohoa hata mara moja, na mama yake akasimama tu, ufagio mkononi, akimsikiliza akipumua.

Luseno aliporudi, simba wa kwanza alikuwa amebakia masikio.

"Nani ametukana kitanda changu?"

"Mtoto amelala, Baba Khalayi. Msikilize."

"Nauliza habari ya simba."

Alimwinua mtoto, akarudisha vitambaa. Jumapili akaalika ushirika wote, binamu zake wa Huruma na wakubwa wa stoo. Walisifu kabla ya chai na baada ya chai. Nguzo zikapanda hadi darini, zikatoa vibaraza na minara midogo. Simba wakajaa kama paka wa sokoni. Kufikia sala ya kufunga, meza ilikuwa imesukumwa nje, na wageni wakahamia uani, vikombe mkononi, wakiendelea kusifu kupitia dirishani. Luseno aliwashukuru mmoja mmoja. Nafula alizungusha chupa ya chai, akilini akipanga matusi ya kesho, aanze na yupi kati ya simba hao.

Mzee Shitanda akachungulia, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa mjukuu wangu, katika jumba lote hili, wewe unalala wapi?"

"Mimi nalala chini," Khalayi akasema.